Viwango vya pamoja vya malimwengu pepe

Viwango vya pamoja vya malimwengu pepe ni makubaliano ya kiufundi na ya kisheria yanayowezesha umbo, avata au kifaa kilichoundwa katika ulimwengu mmoja wa kompyuta kieleweke na kutumika katika ulimwengu mwingine unaomilikiwa na kampuni nyingine. Ulimwengu pepe ni mandhari ya pande tatu inayoendeshwa na seva, ambamo watu wengi huingia kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwakilishwa na umbo lake, yaani avata. Second Life, VRChat, Roblox na Fortnite ni miongoni mwa inayojulikana zaidi. Kila mmoja una mlango wake na akaunti zake. Nguo iliyonunuliwa Roblox haivaliki Fortnite, na urafiki uliojengwa VRChat hauonekani Second Life.

Juhudi za kuyaunganisha malimwengu hayo zina umri wa miaka zaidi ya arobaini. Zimepita mikononi mwa jeshi, vyuo vikuu, kampuni za michezo ya kompyuta na mashirika ya viwango, na katika safari hiyo jambo moja limejirudia. Kiwango kinachotatua tatizo moja, na ambacho tayari kina programu zinazokitumia, husambaa. Mpango wa kuunganisha kila kitu kwa mpigo mmoja hukwama, na kinachoukwamisha mara nyingi ni umiliki na uaminifu, si ugumu wa hesabu za kompyuta.

Matabaka ya tatizo

Kuhamisha avata kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine huonekana jambo dogo mpaka kazi yenyewe ichambuliwe. Kwanza kuna umbo: wavu wa pembetatu ndogo ndogo unaojenga mwili, pamoja na picha za rangi zinazoufunika. Pili kuna kiunzi cha mifupa kinachouwezesha mwili kukunja goti na kugeuza shingo. Tatu kuna tabia, yaani msimbo unaofanya mlango ufunguke au gari liondoke. Nne kuna mtandao, kwa kuwa kompyuta zilizotawanyika duniani lazima zikubaliane, katika sehemu ndogo ya sekunde, kila mtu yuko wapi. Juu ya hayo yote kuna utambulisho wa mtu, mali yake, na kanuni za mwenendo ambazo kila ulimwengu umejiwekea.

Hata tabaka la kwanza lina mitego. Unreal Engine, injini ya michezo ya kampuni ya Epic Games, hupima kwa sentimita, na mhimili wake unaoelekea juu ni Z. Umbizo la faili la glTF hupima kwa mita, na mhimili wake wa juu ni Y. Mtu wa sentimita 170 akisomwa kwa namba tupu bila kubadilishiwa vipimo, anaingia upande wa pili akiwa jitu la mita 170 lililolala chini. Injini ya Unity nayo hupanga mihimili yake kwa kanuni ya mkono wa kushoto ilhali glTF hufuata mkono wa kulia. Ubadilishaji huo ukirukwa, umbo hugeuka kama linavyoonekana kwenye kioo, na maandishi ya kifuani husomeka kinyumenyume. Hakuna mpangilio hata mmoja kati ya hiyo ulio na kosa. Ndiyo maana kila kiwango cha maana cha maumbo huanza kwa kutaja kipimo na uelekeo kabla ya jambo lingine lolote.

Chimbuko katika mazoezi ya kijeshi

Mwaka 1983 DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilianzisha mradi wa SIMNET. Lengo lilikuwa kuunganisha mitambo ya kufundishia askari wa vifaru ili vikosi vilivyoko kambi tofauti vikutane katika uwanja mmoja wa vita wa kompyuta. Mtandao wa wakati ule haukuweza kubeba picha, wala hata taarifa za kila mwendo wa kila kifaru.

Wahandisi walilitatua hilo kwa njia ambayo bado inatumika. Kila mtambo ulibeba nakala yake ya uwanja. Kifaru kilitangaza mahali kilipo, uelekeo na kasi yake, kisha mitambo mingine ikakadiria yenyewe kilikokuwa kinaelekea. Tangazo jipya lilitolewa pale tu mwendo halisi ulipoachana na makadirio kupita kiasi kilichowekwa. Mbinu hiyo iliingizwa katika kiwango cha DIS, kilichochapishwa mwaka 1993 na taasisi ya wahandisi ya IEEE kwa namba 1278. Katika DIS, hata kifaru kilichosimama tuli hujitangaza, kwa kawaida kila baada ya sekunde 5, ili wengine wajue bado kipo. Mwaka 2000 kilifuata kiwango kipana zaidi, HLA, chenye namba 1516.

Viwango hivyo vilishika mizizi kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja. Wizara ya Ulinzi iliweza kumwambia kila mtengenezaji kwamba mtambo usiozungumza na mingine haununuliwi. Upande wa kiraia haujawahi kupata mnunuzi mwenye nguvu kama hiyo.

VRML na ndoto ya wavuti wa pande tatu

Mei 1994 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wavuti ulifanyika Geneva. Humo Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, na Dave Raggett waliitisha kikao cha kujadili jinsi kurasa za intaneti zingeweza kuwa mahali pa kutembelewa badala ya maandishi ya kusomwa tu. Raggett ndiye aliyebuni jina VRML kwa ajili ya lugha iliyokusudiwa. Mark Pesce na Tony Parisi walikuwa tayari na programu ya majaribio iitwayo Labyrinth, iliyomruhusu mtu kubofya umbo la pande tatu na kupelekwa kwenye ukurasa mwingine.

Toleo la kwanza halikuanzia sifuri. Lilijengwa juu ya Open Inventor, umbizo la kampuni ya Silicon Graphics, kwa kazi kubwa ya mhandisi wake Gavin Bell. Mwaka 1996 yaliletwa mapendekezo sita ya toleo la pili, yakiwemo ya Microsoft, Apple, Sun na IBM Japan. Wanajumuiya walipiga kura, na pendekezo la Moving Worlds la Silicon Graphics na washirika wake likashinda. Mwaka uliofuata VRML97 ikatambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 14772.

Kwenye karatasi, kazi ilikuwa imekamilika. Majumbani hali ilikuwa tofauti: watu waliunganishwa na intaneti kwa modemu za simu, kompyuta nyingi hazikuwa na kadi za kuchora pande tatu, na kila kivinjari kilihitaji programu ya ziada. Pengo kubwa zaidi lilikuwa kwamba VRML ilieleza mandhari bila kueleza watu watakavyokutana humo. Kikundi cha Living Worlds kilijaribu kuandika sehemu ya watumiaji wengi, lakini haikufikia matumizi mapana. Kila kampuni iliyotaka watu wakutane ilibuni itifaki yake, na kuta zikarudi.

VRML haikufa moja kwa moja. Warithi wake katika Web3D Consortium waliigeuza kuwa X3D, iliyokubaliwa na ISO mwaka 2004 na ambayo bado inaendelezwa. Kiwango cha H-Anim, kinachoorodhesha mifupa ya mwili wa avata na majina yake, kilitoka katika ukoo huohuo.

Second Life na safari ya avata zisizo na mizigo

Second Life ilifunguliwa Juni 2003 na Linden Lab, kampuni ya San Francisco iliyoanzishwa na Philip Rosedale. Tofauti na michezo ya wakati wake, karibu kila kitu ndani yake kilijengwa na wakazi wenyewe, nao waliuziana nguo, nyumba na ardhi kwa sarafu ya Linden iliyobadilishika kuwa dola. Januari 2007 kampuni ilitoa msimbo wa programu inayotumiwa na mkazi kuingilia. Mwezi huohuo ulianza mradi huria wa OpenSimulator, seva ambayo mtu yeyote angeweza kuiendesha na kuifungulia ulimwengu wake.

Tarehe 8 Julai 2008 Linden Lab na IBM zilitangaza kwamba avata zimevuka kutoka gridi, yaani mtandao wa seva, ya majaribio ya Second Life hadi kwenye seva ya OpenSimulator. Ilikuwa mara ya kwanza kwa umma kuonyeshwa uvukaji wa namna hiyo baina ya mifumo hiyo miwili. Hata hivyo, avata hizo zilivuka mikono mitupu. Nguo, nywele na vitu vyote vilivyo kwenye orodha ya mali ya mwenye avata vilibaki nyuma, na upande wa pili kila mtu alionekana kwa sura ya kawaida anayopewa mgeni.

Sababu yake inaeleweka kwa kukumbuka Novemba 2006. Mwezi huo programu iitwayo CopyBot ilisambaa ndani ya Second Life ikiwa na uwezo wa kunakili vitu vya watu bila idhini. Wafanyabiashara walifunga maduka yao kupinga, na Linden Lab ikalazimika kutangaza kwamba kuitumia kunavunja masharti ya huduma. Ndani ya gridi ya kampuni, kila kitu kina ruhusa zake: kunakiliwa, kurekebishwa, kuhamishiwa mtu mwingine. Ruhusa hizo hulindwa na seva. Mtu anayeendesha seva yake mwenyewe anaishika hifadhidata yote, na hakuna cha kumzuia kupuuza ruhusa hizo. Kitu kikivuka, muuzaji anabaki akitegemea uungwana wa mwenye seva.

Baada ya jaribio hilo kazi ilipelekwa IETF, jumuiya iliyoandika itifaki nyingi za msingi za intaneti. Kikao cha kwanza kilifanyika San Francisco Machi 2009, cha pili Stockholm miezi michache baadaye, kisha mwaka 2010 likaundwa kundi rasmi la VWRAP. Washiriki walivutana juu ya jambo la msingi kabisa, yaani kama waandike itifaki ya ulimwengu wa aina ya Second Life tu au ya malimwengu yote. Katikati ya 2010 Linden Lab ilipunguza takriban asilimia 30 ya wafanyakazi wake, na msukumo ukapungua. Kundi lilifungwa mwaka 2011 bila kutoa kiwango.

Wakati huohuo Crista Lopes, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine, alibuni Hypergrid kwa ajili ya OpenSimulator. Hakusubiri kila mtu akubali. Mfumo wake uliziruhusu seva huru kupokea wageni kutoka seva nyingine wakiwa na utambulisho na vitu vyao, na wenye seva wakachagua wenyewe kujiunga. Hypergrid inafanya kazi hadi leo. Jumuiya yake ni ndogo, lakini ni mfano hai wa malimwengu yanayoendeshwa na watu tofauti huku wakazi wake wakitembeleana.

glTF na USD: maumbo yanapata lugha

Mafanikio makubwa yalikuja baada ya wahandisi kupunguza upeo wa swali. Khronos Group, muungano wa kampuni unaosimamia viwango vya michoro ya kompyuta, ulitoa glTF 1.0 mwaka 2015 na toleo la 2.0 mwaka 2017. Umbizo hili halijaribu kueleza jamii, fedha wala sheria. Hueleza umbo la pande tatu, rangi yake na mwendo wake, kwa faili dogo linaloweza kupelekwa karibu moja kwa moja kwenye kadi ya michoro.

Nguvu ya glTF 2.0 iko katika jinsi inavyoeleza uso wa kitu. Badala ya kila injini kuwa na istilahi zake, uso huelezwa kwa rangi ya msingi, kiasi cha umetali na kiasi cha ukwaruzo. Sufuria iliyosuguliwa na chungu cha udongo vinatofautishwa kwa namba hizo chache, na programu yoyote inayofuata kanuni za mwanga itavichora kwa namna inayokaribiana. Mwaka 2022 glTF ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 12113.

Upande wa filamu ulikuwa na hitaji lingine. Studio ya Pixar ilihitaji mamia ya wasanii wafanye kazi juu ya mandhari moja bila kuharibiana, ikabuni USD, umbizo linalopanga kazi kwa matabaka: aliyeweka viti na aliyeweka taa hawagusi faili moja. Pixar iliutoa msimbo wake kwa umma mwaka 2016. Agosti 2023 Pixar, Adobe, Apple, Autodesk na NVIDIA ziliunda Alliance for OpenUSD ili kuandika maelezo rasmi ya umbizo hilo. Kwa kawaida USD hutumika wakati wa kutengeneza na glTF wakati wa kumfikishia mtumiaji, na mashirika yote mawili yameshirikiana kulinganisha namna ya kueleza nyuso za vitu.

Kwa vifaa, Khronos ilitoa OpenXR 1.0 Julai 2019. Kabla yake mtengenezaji wa programu aliandika msimbo tofauti kwa kila aina ya miwani ya uhalisia pepe. Sasa programu moja inaweza kuzungumza na miwani ya Meta, HTC na kampuni nyingine kwa lugha moja.

VRM: mwili unaobeba masharti yake

Kiwango kilichokaribia zaidi avata yenyewe kilitoka Japani. Kampuni ya Dwango ilikitangaza mwaka 2018, na mwaka uliofuata ukaundwa muungano wa VRM Consortium kukisimamia. Faili la VRM ni faili la glTF lililoongezewa taarifa za mwili wa binadamu.

Ukilifungua, unakuta kwanza orodha ya mifupa kwa majina yaliyokubaliwa: nyonga, uti wa mgongo, kichwa, mikono, miguu. Densi iliyorekodiwa kwa mwili mmoja hivyo inaweza kuchezwa na mwingine. Kisha kuna sura tano za hisia: furaha, hasira, huzuni, utulivu na mshangao. Kwa ajili ya midomo kuna maumbo matano ya irabu, yale ya Kijapani, ambayo kwa bahati njema yanakaribiana sana na a, e, i, o, u za Kiswahili. Kuna pia maelekezo ya sehemu zipi zifichwe anapotazama mwenyewe, ili mvaaji asione ndani ya kichwa chake.

Sehemu ya thamani kubwa zaidi ni masharti. Muundaji huandika ndani ya faili nani anaruhusiwa kuuvaa mwili huo: yeye peke yake, aliyepewa leseni, au kila mtu. Huandika kama mwili huo unaweza kutumika katika matukio ya ukatili uliokithiri, ya ngono, ya siasa au dini, ya chuki, na kama unaweza kutumika kibiashara. Hakuna kufuli linalolazimisha masharti hayo yafuatwe. Lakini yanasafiri pamoja na mwili, na programu yoyote inaweza kuyasoma kabla ya kuupokea. Kwa suala lililozikwamisha Second Life na IBM, hiyo ni hatua ya kweli.

Metaverse Standards Forum

Oktoba 2021 Facebook ilibadili jina la kampuni kuwa Meta, na neno metaverse, lililobuniwa na Neal Stephenson katika riwaya yake ya Snow Crash ya 1992, likaingia katika mipango ya kila kampuni kubwa ya teknolojia. Tarehe 21 Juni 2022 ulizinduliwa mkutano wa kudumu uitwao Metaverse Standards Forum. Waasisi wake walijumuisha Meta, Microsoft, NVIDIA, Epic Games, Unity, Sony Interactive Entertainment, Huawei na hata IKEA, pamoja na mashirika ya viwango kama Khronos, W3C na Web3D Consortium. Apple na Roblox hazikuwemo katika orodha ya uzinduzi. Ndani ya muda mfupi wanachama walizidi elfu moja.

Mkutano huo uliamua mapema kutoandika viwango vyake wenyewe. Kazi yake ni kukusanya mahitaji, kufanya majaribio ya pamoja na kuyapeleka matokeo kwa mashirika yanayohusika. Uamuzi huo ulizuia shirika jingine jipya kushindana na yaliyopo. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, nao uliunda kundi la kuchunguza suala hili Desemba 2022, na Julai 2023 Kamisheni ya Ulaya ilitoa mkakati unaotaja malimwengu pepe yaliyo wazi na yanayoingiliana.

Mali, utambulisho na usalama

Wasomaji wa Tanzania wanaufahamu mgogoro wa namna hii kupitia pesa za simu. Kabla mitandao haijaanza kuunganishwa mwaka 2014, fedha zilizotumwa kwa mteja wa mtandao mwingine hazikuingia katika akaunti yake. Mitambo ingeweza kuunganishwa. Kazi ngumu ilikuwa kukubaliana juu ya ada, uwajibikaji na utatuzi wa malalamiko. Malimwengu pepe yamefika hapo hapo.

Kwa utambulisho, W3C ilipitisha mwaka 2022 kiwango cha vitambulisho visivyotegemea kampuni moja, ambavyo mtu anaweza kuvishika mwenyewe. Kwa mali, tokeni za mnyororo wa bloku zilipendekezwa kama hati za umiliki. Tokeni inaweza kuthibitisha nani ameshika hati, lakini haibebi umbo, mifupa wala tabia ya kitu. Ulimwengu unaopokea bado unapaswa kuamua kukichora. Kazi hiyo ni nzito hata ndani ya kampuni moja: Epic Games ilipoongeza mchezo wa LEGO ndani ya Fortnite Desemba 2023, zaidi ya mavazi elfu moja yalipaswa kutengenezewa sura mpya ya LEGO.

Usalama ni mgumu zaidi. Februari 2022 Meta iliweka ndani ya Horizon Worlds, ulimwengu wake pepe, mpaka unaozuia avata zisikaribiane chini ya takriban mita 1.2, kufuatia malalamiko ya unyanyasaji. Mpaka huo unafanya kazi ndani ya seva za Meta tu. Mtu aliyefungiwa katika ulimwengu mmoja anaingia mwingine akiwa safi, na mtu aliyenyanyaswa hawezi kuibeba orodha ya aliowazuia. Yeyote anayetaka malimwengu yaunganishwe ana wajibu wa kuunganisha ulinzi pia, vinginevyo milango itafunguliwa kwa wanyanyasaji kwanza.

Malimwengu yanayofungwa

Hoja nzito ya viwango vya wazi huonekana kampuni inapozima seva. Google ilifunga Lively mwaka 2008, miezi michache tu baada ya kuizindua. Microsoft ilifunga AltspaceVR Machi 2023, na kumbi ambamo watu walikuwa wakikutana kwa miaka zikafungwa nayo. Mozilla ilipozima huduma yake ya Hubs Mei 2024 mambo yalikwenda vizuri zaidi. Msimbo ulikuwa wazi, watumiaji walipewa njia ya kupakua kazi zao, na maumbo yalikuwa katika umbizo la glTF. Walioweza kuendesha seva zao waliendelea.

Suala hili linagusa pia urithi wa pwani ya Afrika Mashariki. Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town imepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Vipimo vya namna hiyo vinakusudiwa kudumu kuliko kampuni yoyote ya programu, na vitadumu tu vikihifadhiwa katika maumbizo ambayo maelezo yake yako wazi kwa kila mtu.

Hali ya sasa

Kufikia katikati ya miaka ya 2020, matabaka ya maumbo na ya vifaa yamepata viwango vinavyotumika kila siku. Tabia za vitu bado zinafanyiwa kazi: Khronos inaandaa nyongeza za glTF kwa ajili ya fizikia na mwingiliano, ili mlango uliotengenezwa kwa injini moja ufunguke katika nyingine. Uhamishaji wa avata unaendelea kujadiliwa kwa kulinganisha VRM na maumbizo mengine. Utambulisho, mali na usalama vimebaki mikononi mwa kila kampuni, na hapo ndipo itakapoamuliwa kama avata zitavuka tena zikiwa na mizigo yao.